Kodi ya Rambirambi

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa ya mwezi wa tatu, saa nne asubuhi, nikiwa nimesimama kwenye kaunta ya duka la pembeni na unga, vitunguu, chupa ya mafuta na sabuni ya kipande. Nilichomeka kadi. Mashine ikafikiri, ikafikiri, kama mtu aliyeulizwa habari za deni, halafu ikatoa mlio mmoja mbaya.

"Imekataa," akasema yule binti wa kaunta.

Maneno ninayoyajua ya lugha yao hayajazi kiganja, lakini hilo nalijua. Ndilo la kwanza wanalotufundisha.

Nikachomeka tena, ikakataa tena. Nyuma yangu foleni ikaanza kukohoa kile kikohozi chao kisicho na mafua. Nikaviacha vitu vyangu juu ya ule mkanda unaotembea, nikatoka. Nilipogeuka mlangoni vitunguu vilikuwa bado vinasafiri peke yao.

Nilidhani ni mashine tu. Mshahara ulikuwa umeingia wiki iliyopita, nami sikuwa nimegusa kitu isipokuwa pango na umeme, na hivyo sivigusi mimi, wanavichota wenyewe huko huko benki kabla sijajua kama nimelipwa. Ndivyo wakubwa wa huku walivyopanga. Mshahara wako unausikia ukipita tu, kama gari la zimamoto, na wewe unabaki kando ya barabara.

Mimi ni mtu wa pasi. Kazi yangu ni mashuka ya hospitali, chini kabisa, kwenye chumba kisicho na dirisha. Mashine ni ndefu kama kitanda cha jitu: shuka linaingia bichi upande huu, linatoka kavu upande ule, na sisi tunakunja. Watu wa kwetu wananiita Mzee Pasi. Shule niliishia darasa la nne, maana mwalimu alitaka ada na baba alitaka mchunga mbuzi, na mbuzi ndio waliokuwa wanatulisha. Lakini kujua nani anautafuna mshahara wangu hakuhitaji cheti.

Benki nilimkuta kijana mwenye tai. Nikampigia simu binti yangu, nikaiweka mezani ikiwa na sauti wazi ili atufasirie. Binti yangu amekulia huku. Anatunza wazee wa watu kwenye nyumba ya wazee, na lugha yao anaizungumza hadi kwenye ndoto.

"Anasema akaunti imezuiwa, Baba. Ofisi ya kodi imeagiza."

"Muulize kwa nini."

"Anasema wao hawajui."

"Muulize, pesa iko kwao?"

"Anasema ipo."

"Ni ya nani?"

"Anasema ni yako."

"Basi anipe."

"Anasema haiwezekani. Na anasema, Baba, usikasirike, kuna ada ya kuzuiwa. Wameshaikata."

Nikacheka. Kijana wa tai naye akatabasamu, akidhani nimeridhika. Mtu anakufunga mikono, halafu anakudai bei ya kamba! Na hapo ndipo nilipoikumbuka ile pesa nyingine iliyokuwa humo ndani.

Nyumbani tuliiita hela ya mama.

Mke wangu alikufa miaka mitano iliyopita, ghorofa ya tano ya hospitali ile ile, juu ya shuka ambalo huenda nililipiga pasi mimi. Kumsafirisha hatukuweza, bei ya kumrudisha maiti ilizidi bei ya kumleta mzima mara nyingi. Tukasema tumzike hapa hapa, ardhi ni ya Mungu. Kumbe huku ardhi si ya Mungu. Huku hata kaburi hupangishwa. Unalipa miaka, ikiisha unalipa tena, na usipolipa wanakuja na mashine. Hakuna aliyenificha hilo. Mwenye ofisi ya makaburi alinieleza kwa upole kabisa, binti akifasiri, huku akinionyesha rangi za mawe.

Tulichukua miaka mitano, upande wa nyuma, karibu na uzio, kwenye bei nafuu. Na hata hiyo nafuu nisingeiweza peke yangu. Aliyeniokoa ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu, tumbo moja. Yeye anafanya kazi kwenye ghala la baridi, kupanga masanduku ya mboga zilizogandishwa, ndiyo maana wanamwita Barafu. Alizunguka na kofia yake ya sufu kwa kila mtu wa kwetu: wapishi, wafagia ofisi, wajenzi, watu wanaoosha magari. Kila mtu akatumbukiza alichonacho. Barafu mwenyewe alitoa mshahara mzima, akala mbaazi za kazini mpaka mwezi ukaisha. Hiyo ndiyo rambirambi. Hakuna aliyeandikisha, maana nani anaandikisha machozi?

Ilikuwa taslimu yote. Nikaipeleka ofisi ya makaburi ndani ya ile kofia. Yule mwenye ofisi akarudi nyuma kama nimempelekea nyoka. Taslimu hatupokei, akasema, weka benki, ulipe kutoka benki. Basi nikaweka benki. Nataka hili lieleweke: wao ndio walioniambia niweke benki. Nililipia miaka mitano, na iliyobaki nikaiacha humo, bila kuigusa hata siku tuliyokatiwa maji ya moto, kwa ajili ya miaka mitano ya pili.

Na miaka mitano ya kwanza ilikuwa inaisha mwezi wa tano.

Jumapili ile tulikwenda kwa mama, mimi na binti, kama kila Jumapili nisiyo na zamu. Binti alitangulia na maua. Nikamwona amesimama bila kuinama. Kwenye jiwe la mama yake, juu kidogo ya jina, walikuwa wamebandika karatasi ya njano ya kunata, mraba mdogo, nadhifu, kama ile wanayobandika kwenye magari yaliyotelekezwa barabarani.

"Usiibandue," binti akasema. "Ni kosa kuibandua."

Nilitazama pembeni. Jirani wa mama, mzee mmoja aliyekuwa na picha yake ndani ya kioo, hakuwapo. Palikuwa na udongo mpya, umesawazishwa vizuri, na nyuzi za majani zimeanza kuchipua. Wiki mbili kabla yake nilimsalimia.

Tukaenda ofisini. Binti akafasiri.

"Muulize, wakimtoa mtu wanampeleka wapi?"

Yule bwana akaangalia kompyuta yake, akasema maneno mawili.

"Anasema kuna utaratibu," binti akasema.

Binti alijaribu kulipa yeye. Akakopa kwa wenzake kazini, akatuma kutoka akaunti yake. Siku ya tatu pesa ikarudi: jina la mlipaji si jina la mkataba. Tukasema sawa, mkataba uwe na jina lake. Wakasema hilo nalo linawezekana, ila mwenye mkataba wa sasa alete kwanza uthibitisho wa ofisi ya kodi kwamba hadaiwi. Unaona ufundi huo? Hakuna aliyesema hapana. Kila mlango ulikuwa wazi, na kila mlango ulifungukia ukuta.

Jioni ile Barafu alikuja, mkononi ana mfuko wa mbaazi.

"Shemeji, habari za kufilisika?"

"Nzuri. Karibu tufilisike wote."

"Mimi nilishafilisika zamani, ndiyo maana sina akaunti." Akakaa juu ya ndoo, maana viti ni viwili. "Nilikuambia. Kikulacho ki nguoni mwako, na hawa wako mpaka kwenye pindo la suruali. Pesa ya mtu mweusi ilale chini ya godoro, iliwe na kunguni, angalau kunguni hawatozi riba."

"Mjomba, si wakati wa utani," binti akasema.

"Mama, utani ukiisha tutakula nini? Mbaazi hizi?"

Lakini alipoambiwa habari ya ile karatasi ya njano, aliacha kucheka. Alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu kimebaki humo. Barafu hana karatasi za kuishi huku. Aliingia kwa ruhusa fupi kumuuguza dada yake, ruhusa ikaisha, dada naye akaisha, yeye akabaki. Ghalani anafanya kazi kwa jina la mtu mwingine, jamaa mmoja aliyerudi kwao na kumwachia kitambulisho. Jina lake la kweli, la ubini wake, tulikuwa tunalijua sisi wawili tu pale mjini, mimi na binti. Wa tatu alikuwa chini ya ile karatasi ya njano.

"Nendeni kwa hao watu wa kodi," akasema. "Waelezeni ukweli. Ukweli haumwui mtu."

Siku niliyoitwa, nilivaa koti la mazishi, nikaenda na binti. Jengo lenyewe lilikuwa kimya mno. Sakafu inang'aa, viti vimefungwa kwenye sakafu, watu wameshika vinamba vyao na hakuna anayemtazama mwenzake. Mlango unafunguka wenyewe, mtu anaingia, mlango unafunga. Nilikaa nikawangoja walioingia watoke. Wanatokea mlango mwingine, hivyo huwezi kujua wametokaje.

Tulimkuta mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia kwa kamba shingoni. Alitukaribisha viti, akatumiminia maji kwenye vikombe vya karatasi. Wabaya wa zamani walikuwa wanapiga kelele. Hawa wa siku hizi wanakupa maji kwanza.

"Anauliza, Baba, zile pesa taslimu ulizoweka wiki ya mazishi, zilitoka wapi?"

"Mwambie ni rambirambi."

Binti akasema maneno mengi kwa neno langu moja. Yule mama akasikiliza, kichwa upande, akauliza kitu.

"Anauliza ni biashara gani."

"Biashara! Mwambie mama yako alikufa, watu wakanipa pole."

"Nimemwambia. Anasema pole hutolewa kwa maua. Anataka kujua wewe uliwapa nini."

"Niliwapa chai."

"Baba."

"Mfasirie! Niliwapa chai, na sukari nilikopa."

Yule mama wa kodi hakukasirika. Ndicho kilichonitisha. Alieleza taratibu, kama muuguzi anayekuonyesha mahali sindano itakapoingia. Pesa isiyo na mwenyewe ni kipato changu. Kipato kina kodi. Kodi isiyolipwa ina faini, na faini imezaa kwa miaka mitano. Kuhusu kaburi alisikitika sana, lakini ofisi ya makaburi ni idara nyingine. Njia ilikuwa moja: waliotoa pesa waje pale, kila mmoja na kitambulisho chake, waseme kwa vinywa vyao kwamba walitoa na hawakupewa kitu. Wakija wa kutosha, akaunti itafunguliwa.

"Na kama hawawezi kuja?"

Binti akauliza. Akaniletea jibu bila kunitazama. "Anasema basi tuwataje tu. Watawatafuta wenyewe."

Sasa niambie. Wenye karatasi kati ya wale waliotumbukiza kwenye kofia walikuwa watatu. Waliobaki, ukimtaja mmoja umemfungia mizigo yake. Na hawa wakubwa wanajua hivyo! Wanajua nani anakunja mashuka yao, nani anafagia ofisi ile ile tuliyokaa. Wanawahitaji asubuhi, wanawawinda mchana. Damu ilinipanda. Nikasahau niko wapi. Nikaanza kusema kwa Kiswahili, haraka, mkono juu ya meza, kila kitu kilichonikaa kifuani miaka mitano:

"Mwambie huyu mama kwamba kuna watu walilala njaa ili mama yako alale pema! Mwambie mdogo wake marehemu alitoa mshahara wote, akala mbaazi mwezi mzima, huko ghalani kwenye baridi! Mwambie huyo ni mtu, ana jina, si pesa isiyo na mwenyewe!" Na nikalitaja. Jina lake, la baba yake na la babu yake, lote, kwa fahari, kama linavyotajwa kwenye ndoa.

Binti alinipiga teke chini ya meza. Teke la kweli, la mfupani.

Nikanyamaza. Binti alikuwa bado hajafungua mdomo kufasiri. Lakini yule mama, upande wa pili wa meza, kalamu yake ilikuwa inatembea.

Kisha binti akasema sentensi moja fupi katika lugha yao. Yule mama akaitikia, akafunga faili, akatuonyesha mlango mwingine.

Nje nilimshika binti mkono. "Umemwambia nini?"

"Nimemwambia baba yangu ana uchungu."

"Na jina?"

"Sijalifasiri, Baba. Mimi ni kichaa?"

"Mbona alikuwa anaandika?"

"Watu wa ofisi huandika."

Tulitembea mpaka kituoni. Alikuwa anatembea mbele, na sikuweza kuuona uso wake.

Barafu sikumwambia. Ningemwambia nini? Kwamba nimelitaja jina lake kwa watu wasiosikia Kiswahili? Angecheka. Niliona bora kumuacha na amani yake.

Wale watatu wenye karatasi walikwenda, Mungu awabariki: mpishi wa shule, mkewe, na dereva wa gari la taka. Walipotoka, mpishi akanipigia.

"Mzee Pasi, wale watu hawaulizi habari za pesa hata kidogo."

"Wanauliza nini?"

"Wanauliza msibani tulikuwa nani na nani. Nilisema nilikuwa jikoni, sikuona mtu. Mke wangu kasema alikuwa analia, hakuona mtu. Dereva kasema ye' alilala. Sasa wewe angalia, mzee, msiba gani huo wa vipofu?"

Hawakutosha. Akaunti ikabaki imefungwa.

Mwezi wa nne ulipita hivyo. Mshahara wangu uliingia kama panya kwenye mtego, ukabaki mle mle. Pango likagonga benki, likarudi, benki ikanikata ada kwa pango kurudi, na mwenye nyumba akaniandikia kwamba naye ana ada yake. Nikazima hita. Tukala mbaazi za Barafu mpaka binti akasema ndotoni zinamfukuza. Kazini msimamizi aliniita pembeni, akaniuliza kwa maneno machache na ishara kama nina tatizo na serikali, maana wamepigiwa simu. Nani kapiga? Hakusema. Tangu siku hiyo wenzangu wakawa wanakunja mashuka upande wa pili wa mashine.

Na watu wa kwetu wakaanza kupungua. Hawakukamatwa, hapana, walipungua tu. Yule muosha magari aliyekuwa akija Jumamosi kunyolewa na Barafu jikoni kwangu, hakuja. Mama muuza mitumba akabadili namba ya simu. Nilikutana na fundi rangi mmoja mtaani, mtu aliyebeba jeneza la mke wangu begani, akavuka barabara gari zikiwa zinakuja. Habari ya kodi ilikuwa imewafikia, na kila mmoja alikuwa anakumbuka alitumbukiza kiasi gani kwenye kofia. Nadhani kwa mara ya kwanza walitamani wangekuwa bahili.

Barafu peke yake ndiye aliyeendelea kuja.

"Shemeji, wananikimbia hata mimi, eti nanukia nyumba yako."

"Usije basi."

"Nisije nikale kwa nani? Mbaazi zenyewe ni zangu." Kisha akasema, polepole, akichuna lebo ya mfuko kwa kucha: "Nimewaza. Nikienda mimi mwenyewe kwa yule mama. Niseme, mimi ndiye niliyekusanya. Kofia yangu, maneno yangu. Dada abaki alipo."

"Watakurudisha siku hiyo hiyo."

"Ndiyo. Na nani atawalea wale?" Alikuwa na "wake wanne" wa kulisha, ndivyo alivyowaita kwa utani: mama yake, na watoto watatu wa kaka yake waliobaki yatima. Nyumba nzima ilikula mgongoni mwake. "Ndiyo nikasema nimewaza tu. Kuwaza hakuna kodi, au nako kuna?"

Binti alikuwa anaosha vyombo. Alisimamisha mikono ndani ya maji. Hakugeuka.

"Mjomba," akasema, "mama amebakiza wiki tatu."

Barafu alivaa kofia yake akaondoka, na siku hiyo hakuaga kwa mzaha.

Baada ya hapo binti akawa anachelewa kurudi. Nikimuuliza anasema zamu imebadilika. Ninalinda maneno yangu hapa, kwa sababu ni mwanangu na sina mwingine: zamu hubadilika kweli kwenye nyumba za wazee.

Alhamisi moja asubuhi, siku nne kabla ya mwisho, niliingia dukani na kadi kwa mazoea tu, kama mtu anayejaribu mlango anaojua umefungwa. Nilichukua sabuni. Mashine ikafikiri. Ikakubali.

Nilisimama pale mpaka yule binti wa kaunta akaniambia nimemaliza, niende. Sikuenda kazini. Nilikwenda mbio benki, kijana wa tai akanigeuzia skrini, akanielewesha kwa ishara: imefunguliwa, yote, hata faini imefutwa. Kwa nini? Akainua mabega. Wao hawajui. Nikaenda makaburini nikiwa nahema, nikalipa miaka mitano mingine, na yule bwana wa utaratibu akaja nami mpaka upande wa nyuma, akaibandua karatasi ya njano kwa kucha zake mwenyewe, taratibu, isiache gundi. Nikampa mkono. Nikamshukuru! Nililia mbele yake.

Nikanunua nyama. Nikampigia Barafu aje tule chakula cha watu, simu ikawa imezimwa. Nikasema yuko ndani kwenye baridi, humo simu hazishiki. Nikapanda basi mpaka ghalani nimpelekee habari mwenyewe.

Getini nilimkuta dereva wa mashine ya kunyanyulia masanduku, mgeni kama sisi, wa nchi nyingine, tunaelewana kwa maneno machache na mikono mingi.

"Barafu?" nikauliza.

Akanivuta pembeni. Kwa alivyonieleza, watu wawili walikuja jana yake, makoti ya kawaida, wapole. Wakasimama mlangoni, wakaita jina. Jina refu, la watu watatu. Ghalani hakuna mtu wa jina hilo. Wote wakacheka, wakawaambia wamepotea. Wale wawili hawakucheka wala hawakuondoka. Wakaita tena, vile vile, lote, na hawakukosea hata herufi. Ndipo Barafu akatoka katikati ya masanduku, akavua glavu moja moja, akaziweka juu ya sanduku, akasema, ni mimi.

"Jina zuri," akaniambia yule dereva. "Hakutuambia."

Nyama ilianza kuvuja damu kwenye mfuko. Sijui nilifikaje nyumbani.

Binti alikuwa amekaa jikoni, bado na koti.

"Nimetoka kwa mama," akasema. "Wameitoa ile karatasi."

"Mjomba wako wamemchukua."

Mtu akipewa habari kama hiyo huuliza, nani kamchukua? Huuliza kwa nini. Binti yangu aliuliza, "Lini?"

"Jana."

Akainama, akaanza kufungua vifungo vya koti, akafika cha katikati, akaanza kuvifunga tena.

"Ni wewe uliyelitaja, Baba," akasema. "Sote tulikuwepo."

"Nililitaja kwa Kiswahili."

"Ndiyo," akasema. "Kwa Kiswahili."

Nikamwuliza zile zamu zilizobadilika. Akasema amechoka. Nikamwuliza kama alirudi kule bila mimi. Akasimama, akaichukua nyama mikononi mwangu, akaiosha, akaikata, akaiweka jikoni mpaka ikaiva. Alinipakulia. Yeye hakula.

Kesho yake nilirudi kwenye lile jengo peke yangu, bila kuitwa, bila namba. Nilikaa kwenye viti vilivyofungwa mpaka yule mama alipotoka kupumzika, nikasimama mbele yake. Alinitambua. Akasema kitu cha upole katika lugha yao. Mimi nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida, kama ninavyomwambia jirani:

"Mama, kamba ya kiatu chako imefunguka."

Akainamisha macho, akatazama chini.

Lakini hata mimi, nilipolisema, nilikuwa nimetazama chini. Nimelirudia jambo hilo kichwani mpaka limechakaa: je, nilitangulia kutazama, au alitangulia yeye? Viatu vyake havikuwa na kamba. Alinitazama tena, akatabasamu lile tabasamu la kumiminia maji, akanipita. Mlango ukamfungukia wenyewe.

Barafu hajapiga simu. Kule kwao hajafika, mama yake ameniuliza mara mbili, na nimemdanganya mara mbili. Binti bado anakwenda makaburini kila Jumapili, siku hizi anakwenda mapema ili asinisubiri. Mke wangu ana miaka mitano ya kulala bila kusumbuliwa, imelipwa, risiti ninayo. Wakubwa wamepata walichotaka na wala sijui kama walikuwa wanakitaka, au walitupa tu kamba katikati yetu wakangoja tuvutane.

Chumbani mle tulikuwa watatu. Mmoja alisema, naye ni mimi, na nilisema kwa lugha ya mama yangu, mbele ya mwanangu. Waliobaki ni wawili. Je, yule mama alisikia mwenyewe, au mwanangu alimfasiria?